Kona ya Ngumi: Niletee Kadi, Usiniletee Kelele

Barua za safari hii zimekuja na hasira, nami nimezifurahia mno. Kuna watu wameacha kusalimiana kwa ajili ya goti la bondia Gervonta Davis. Mwingine ameniandikia kurasa nzima kumtetea bondia wa Mexico, Canelo Alvarez, bila kutaja raundi hata moja. Kwa wageni wa ukurasa huu: kabla sijaanza kuandika nilikuwa jaji wa ngumi za ridhaa, na hapa kuna sharti moja tu. Ukitaka kubishana na mimi, niambie ni raundi gani, nani alipiga nini, na wewe ulimpa nani. Barua inayosema "tumeibiwa" bila raundi naisoma, nacheka kidogo, kisha naisukuma chini ya rundo.

*Shikamoo Jaji. Mimi na shemeji yangu hatuelewani kuhusu pambano la kwanza la uzito wa juu la Oleksandr Usyk na Tyson Fury. Mimi nasema refa alimwonea Fury kumhesabia raundi ya 9, maana hakugusa sakafu. Bila ile hesabu Fury alikuwa ameshashinda. Tuamulie. – Mfuasi wa Fury*

Marahaba, mwanangu. Umechanganya mambo mawili, tuyatenganishe.

La kwanza ni kanuni. Si lazima bondia aguse sakafu ndipo refa amhesabie kama aliyeangushwa. Kama amepigwa na kilichomzuia asianguke ni kamba, kwa refa huyo yuko chini. Itazame tena ile raundi, Riyadh, tarehe 18 Mei 2024. Kushoto ya Usyk imeingia, miguu ya Fury haimtii tena, anayumba kutoka kamba hizi kwenda kamba zile, na Usyk yuko nyuma yake hamwachi. Refa Mark Nelson akaingia kati, akahesabu. Alikuwa sahihi. Tena wapo mashabiki wa Usyk wanaolalamika kinyume chako kabisa: wanasema ile hesabu ilimpa Fury nafasi ya kuvuta pumzi mpaka kengele ikalia, na kwamba pambano lingesimamishwa palepale. Ukinilazimisha kuchagua lalamiko moja, la kwao lina uzito kuliko lako.

La pili ni hesabu za kalamu, na hapa ndipo ninapopapenda. Kadi za majaji, yaani karatasi wanazoandikia pointi za kila raundi, zilikuwa 115-112 kwa Usyk, 114-113 kwa Usyk, na 114-113 kwa Fury. Mshindi wa raundi hupewa 10, mwenzake 9; raundi ambayo mtu amehesabiwa kwa kawaida huandikwa 10-8. Sasa futa ile hesabu, raundi ibaki 10-9 ya Usyk. Fury anaongezewa pointi moja katika kila kadi. Ya kwanza inakuwa 115-113 kwa Usyk, ya pili 114-114, ya tatu 115-113 kwa Fury. Jaji mmoja huku, mmoja kule, mmoja katikati: sare. Fury hashindi hata ukimpa unachokililia. Kinachopotea ni kwamba dunia isingempata usiku ule bingwa wa mikanda yote wa uzito wa juu, wa kwanza tangu Lennox Lewis mwaka 1999.

Na kama bado hujaridhika, kuna marudiano ya tarehe 21 Desemba 2024. Fury alipanda mzani akiwa na pauni 281, Usyk 226. Majaji wote watatu waliandika 116-112 kwa Usyk. Hapo hakuna refa wa kumsingizia.

*Jaji habari. Sisi ni kundi la marafiki na tumegawanyika katikati. Davis alipiga goti mbele ya Lamont Roach, refa hakuhesabu. Je, kweli matokeo yangebadilika, au ni kelele tu za watu wasiompenda Davis? – Kundi la Kona Nyekundu*

Yangebadilika, ndiyo maana nimeiweka barua yenu jirani na ile ya Fury. Kule mtu analia kwa hesabu iliyotolewa, hapa kosa ni hesabu iliyonyimwa.

Tarehe 1 Machi 2025, Brooklyn, raundi ya 9. Roach anarusha jabu, ile ngumi ya kunyooka ya mkono wa mbele, Davis anarudi nyuma, anapiga goti mwenyewe, anainuka, anageuka kwenda kwenye kamba anafutwa uso kwa taulo. Baadaye akaeleza kwamba mafuta ya nywele yalikuwa yamemwingia machoni. Mimi simbishii, huenda yaliwasha kwelikweli. Lakini kuwashwa macho si ruhusa ya mapumziko. Bondia anayepiga goti kwa hiari yake katikati ya raundi anahesabiwa kama aliyeangushwa, na wa kona yake hawaruhusiwi kumgusa mpaka kengele. Bondia asiye na jina angejaribu mchezo ule, angehesabiwa kabla goti halijapoa.

Kadi zilisomwa 115-113 kwa Davis, 114-114 na 114-114. Sare, mkanda ukabaki kwa Davis. Sasa mpunguzie Davis pointi moja tu, kwa uchache kabisa. Tunapata 114-113 kwa Davis, na mbili za 114-113 kwa Roach. Roach bingwa wa dunia.

Najua mmoja wenu atasema: kama angehesabiwa, Davis angejua yuko hatarini na angezipigania raundi 3 zilizobaki kwa njia nyingine. Kweli tupu, na hiyo hoja inafanya kazi kwa Fury pia. Kalamu yangu hairudishi saa. Ila mmeuliza kama goti lilikuwa na thamani ya mkanda, na jibu ni ndiyo. Marudiano yalisubiriwa mwaka mzima wa 2025, hayakufanyika. Maskini Roach, Desemba akapanda ulingoni na Isaac Cruz, akatoka tena na sare.

*Mzee wangu, unakubali kwamba Terence Crawford alimshinda Canelo aliyekwisha? Canelo huyu ni mzee, kachoka. Angempata yule wa zamani angekiona cha moto. Nataka marudiano. – Damu ya Mexico*

Hii ndiyo ile ya kurasa nzima, nimeifupisha. Ndugu yangu, tazama tarehe za kuzaliwa kabla ya kutaja uzee. Usiku wa tarehe 13 Septemba 2025, Las Vegas, Canelo alikuwa na miaka 35. Crawford alikuwa na 37, amebakiza wiki mbili afikishe 38. Mzee ndiye aliyeshinda.

Halafu uzito. Crawford alitwaa mkanda wake wa kwanza wa dunia mwaka 2014 kwenye pauni 135. Pambano lake la kabla ya Canelo, Agosti 2024 dhidi ya Madrimov, lilikuwa la pauni 154. Akaruka mpaka 168, na njiani hakupigana hata mara moja. Ukimwambia mtu wa ngumi kwamba kuna bondia wa 135 aliyempiga Canelo kwenye 168, kwa pointi 116-112, 115-113 na 115-113, atakuuliza unaota.

Unachosema kuhusu kuchoka kina chembe ya ukweli, sitaki kukunyima. Mei 2025 Canelo alipigana na William Scull, wote wawili wakarusha ngumi 445 katika raundi 12, idadi ndogo kuliko zote zilizowahi kurekodiwa kwa pambano la raundi 12 lililofika mwisho. Nililitazama lote, nastahili nishani. Lakini aliyemfanya Canelo asite kurusha Septemba alikuwa Crawford. Angalia mkono wa mbele wa Crawford, ule wa kulia, maana anasimama kishoto. Haukai mahali pamoja. Unagusa glavu ya Canelo, unaziba macho yake, unashuka, na Canelo akijiandaa kurusha ile ngumi yake ya mbavu anakuta mtu ameshahama nusu hatua. Raundi nyingi za mwisho zilikwenda hivyo.

Na kuhusu ombi lako la marudiano: Crawford alitangaza kustaafu Desemba 2025, mapambano 42, ushindi 42. Amemaliza. Mwacheni.

*Shikamoo Jaji. Mimi ni msichana, nimeanza kufuatilia ngumi za kulipwa hivi karibuni. Nataka kuandika kadi yangu mwenyewe nikitazama kwenye runinga lakini sijui nianzie wapi. Kaka zangu wananicheka. – Binti wa Glavu*

Marahaba binti yangu. Chukua karatasi, chora mistari 12, safu mbili za majina. Zima sauti. Nasema tena, zima sauti, kwa sababu mtangazaji ameshachagua mtu wake kabla ya kengele ya kwanza, na watu ukumbini hupiga kelele hata kwa ngumi iliyotua kwenye kiwiko.

Kengele ya kumaliza raundi ikilia, andika kabla mabondia hawajakaa. Mshindi wa raundi 10, mwenzake 9. Akiangushwa mara moja, kwa kawaida 8. Ukishaandika usirudi kufuta. Majaji hufundishwa kuangalia mambo manne: ngumi safi zilizofika, ushambuliaji wenye tija, nani anautawala ulingo, na ulinzi. Kwa raundi nyingi la kwanza peke yake linatosha. Mtu anayesonga mbele huku anapigwa usoni hashambulii, anapokea. Hilo kaka zako nina shaka wanalijua.

Na jihadhari na sekunde 30 za mwisho, maana macho hukumbuka kilichoisha sasa hivi. Sugar Ray Leonard alilijua hilo vizuri mwaka 1987 dhidi ya Marvin Hagler: aliokoa nguvu, akafunga raundi kwa mvua ya ngumi za harakaharaka. Jaji mmoja alimpa 118-110, wa pili 115-113, wa tatu akampa Hagler 115-113. Watu wanabishana mpaka leo, na Hagler hakupigana tena maishani mwake. Litafute pambano hilo, liandikie kadi, unitumie. Tena waandikishe na kaka zako, kila mtu kwenye karatasi yake, bila kuchunguliana. Nitazichapa zote.

*Jaji, Naoya Inoue na Junto Nakatani wakikutana, nani? Jibu moja kwa moja bila kuzunguka. – Mpenzi wa Uzito Mdogo*

Inoue, kwa pointi.

Sasa niruhusu nizunguke, kwa sababu hili ndilo pambano ninalolitamani kuliko yote yanayozungumzwa. Wote Wajapani, na mpaka mwisho wa 2025 wote walikuwa hawajawahi kupoteza. Hofu ya kila mtu juu ya Inoue ni ile ile: ameanza kuanguka. Luis Nery alimwangusha raundi ya 1, Tokyo Dome, Mei 2024. Ramon Cardenas akamwangusha raundi ya 2, Las Vegas, Mei 2025. Mara zote mbili ni ngumi ya kushoto ya kuzunguka, na mara zote mbili Inoue mwenyewe alikuwa amejiachia kutafuta kumaliza kazi mapema. Aliinuka, akamsimamisha Nery raundi ya 6 na Cardenas ya 8. Lakini Nakatani si mtu wa kumwachia mlango. Ni mrefu kwa uzito huo, anasimama kishoto, na kushoto yake ndiyo iliyomlaza Andrew Moloney raundi ya 12 Mei 2023 kwa namna ambayo hata mimi nilishika kichwa.

Kwa nini basi Inoue? Kwa sababu ya Septemba 2025, Nagoya, dhidi ya Akhmadaliev, naye anayesimama kishoto. Watu walitegemea vita. Inoue akaja na miguu. Aliingia, akapiga mbili, akatoka, raundi 12 bila kuingia kwenye tamaa, akashinda 118-110, 118-110, 117-111. Ule ulikuwa ujumbe kwa Nakatani. Upande wa pili, tarehe 27 Desemba, Riyadh, Nakatani alipanda pauni 122 kwa mara ya kwanza dhidi ya Sebastian Hernandez, akasukumwa na kupigwa kuliko tulivyozoea. Majaji wawili walimpa 115-113, wa tatu 118-110, na huyo wa tatu ningependa kukaa naye aniambie alikuwa anatazama ulingo gani.

Nakatani ana njia moja: raundi 4 za kwanza, umbali mrefu, kushoto iliyonyooka kila Inoue anapoingia. Ikipita raundi ya 6 na Inoue hajaguswa, mikono mirefu itaanza kuwa mizigo.

*Kwa nini Usyk anapigania mikanda yote halafu anaitupa? Na huyu Fabio Wardley aliyepewa mkanda wa WBO amempiga nani? – Msomaji mwenye maswali*

Kila chama kati ya vinne vinavyotoa mikanda ya dunia (WBA, WBC, IBF na WBO) kina mpinzani wake wa lazima, na kila kimoja kinataka wake apigane kwanza. Bingwa ana mwili mmoja. Ndiyo maana Usyk aliuachia mkanda wa IBF mwezi mmoja tu baada ya kumpiga Fury 2024, ili apate marudiano. Daniel Dubois akatangazwa bingwa, akathibitisha kwa kumlaza Anthony Joshua raundi ya 5 Wembley Septemba ile, halafu Usyk akaja kuchukua chake Julai 2025, Wembley hapohapo, raundi ya 5 vilevile. Novemba 2025 akaachia WBO, ukaenda kwa Wardley.

Wardley alimsimamisha Joseph Parker raundi ya 11, Oktoba 2025, London. Parker si mtu wa kuokota. Kwa hiyo mkanda ameupokea mezani, lakini nafasi ya kukaa mezani aliipigania ulingoni. Mimi nataka kumwona na Dubois. Wote wawili wanapiga kwelikweli, wote wawili wanapigika, na sidhani jaji atahitaji kalamu.

*Fury na Joshua, litatokea? – wengi mno, nimeunganisha*

Fury alitangaza kustaafu Januari 2025. Alitangaza pia Aprili 2022, na Desemba mwaka huohuo alikuwa ulingoni na Chisora, kwa hiyo kustaafu kwake sikuandiki kwa wino. Joshua alimpiga Jake Paul raundi ya 6 Desemba 2025, na siku chache baadaye akapata ajali ya gari Nigeria iliyoua rafiki zake wawili. Kumuuliza mtu aliyezika marafiki atapigana lini, mimi siwezi. Hili pambano lilikuwa la miaka iliyopita. Mayweather na Pacquiao walianza kuzungumziwa 2009, wakapigana 2015, mmoja akiwa na miaka 38, mwingine 36, na mliolitazama mnajua tulichopewa.

*Mbona wanawake wanapigana raundi za dakika 2? Katie Taylor na Amanda Serrano wangekuwa na dakika 3 matokeo yangekuwa tofauti? – Mama wa Mabinti*

Raundi 10 za dakika 2 ni dakika 20. Wanaume, kwa raundi 12 za dakika 3, wanapata 36. Vyama vingine vinasema ni usalama. Serrano hakukubaliana nao. Oktoba 2023 alipigana raundi 12 za dakika 3 na Danila Ramos akashinda, na WBC walipogoma kuidhinisha mtindo huo akauachia mkanda wao. Namheshimu kwa hilo.

Mimi naamini ndiyo, mama, ingekuwa tofauti, hasa pambano la pili la Novemba 2024. Majaji wote watatu waliandika 95-94 kwa Taylor, ambaye alishakatwa pointi raundi ya 8 kwa kumgonga mwenzake na kichwa. Serrano huchelewa kupata mwendo, na dakika ya tatu ndiyo ambayo angeanza kuvuna. Pambano la tatu, Julai 2025, ni hadithi nyingine: Taylor alipigana kwa umbali, akashinda 97-93, 97-93 na sare ya 95-95. Hapo hata dakika 4 zisingesaidia.

*Jaji, Eubank Jr na Benn sasa ni 1-1. La tatu nani? – Kijana wa Pauni 160*

Lisifanyike. Aprili 2025 Eubank alizidisha uzito wa pauni 160 kwa pauni 0.05, akapigwa faini ya dola 500,000, na asubuhi ya pambano akapimwa tena asivuke pauni 170. Akashinda kwa 116-112 tatu, lakini uso wake baada ya mzani ulinitisha kuliko ngumi. Novemba Benn akamwangusha mara mbili raundi ya 12, akashinda kwa mbali. Benn arudi pauni 147 kwenye mwili wake. Eubank apumzike na mizani.

Barua za mapambano mawili ya Artur Beterbiev na Dmitry Bivol nimezihifadhi kwa toleo lijalo, kwa sababu nyingi hazina raundi. La kwanza, Oktoba 2024, Beterbiev alipewa 114-114, 115-113, 116-112. La pili, Februari 2025, Bivol akapewa namba zilezile. Yatazameni yote mawili, sauti imezimwa, mnitumie kadi zenu. Jumla peke yake sipokei. Nataka raundi zote 24.